Sura ya Saba Haikukatwa

Fundi alifariki Jumanne, saa nne na robo asubuhi, kompyuta yake ikiwa inawaka. Aliinuka kitini kwenda kuchukua karatasi, akaketi juu ya maboksi kama mtu aliyekumbuka jambo, akamwambia mkewe, "Hebu ningoje kidogo." Mkewe akangoja. Alikuwa na sindano mkononi na uzi mdomoni, anashona mgongo wa daftari la mahudhurio. Alipopiga fundo la mwisho na kugeuka, hapakuwa tena na mtu wa kumngoja.

Watu walijaa chumbani muda si mrefu. Mdogo wake marehemu ndiye aliyefika mwanzo. Aliona mwanga wa skrini unammulika kaka yake usoni, akaona si adabu, akauchomoa waya ukutani. Kazi ambayo Fundi alikuwa hajaihifadhi ikapotea hapo hapo. Siku hiyo hakuna aliyelifikiria hilo, na ni haki yao.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili. Meza ya dirishani ilikuwa ya Fundi, yenye kompyuta na printa. Meza ya ndani ilikuwa ya mkewe, yenye kisu, rula ya chuma, kipande cha nta na mfupa wa kukunjia uliolainika kwa miaka ya kutumika. Fundi alipanga kurasa na kuzichapa. Mkewe alikunja, akashona, akapunguza kingo. Watu wa mtaani walimwita Bi Uzi, na jina likamganda hata wakwe zake wakalitumia. Kati ya meza na meza zilikuwa hatua nne, na kwa miaka kumi na moja Bi Uzi hakuzivuka ila kwa kufagia. Kila alipokaribia kuchungulia, Fundi alimwambia, "Wewe kunja, mke wangu. Haya ya kompyuta niachie mimi." Alisema kwa upole. Angesema kwa ukali ingekuwa rahisi kumjibu.

Wiki moja baada ya mazishi, shemeji yake Bi Uzi, yule mdogo wa marehemu, aliita kikao cha watu watatu sebuleni: yeye, Bi Uzi, na dada mkubwa wa marehemu, msusi, mwenye kibanda cha kusukia nywele jirani na duka.

"Shemeji," alianza, "mashine zikikaa bure zinaoza. Nimepata mtu anayezitaka. Chumba tumrudishie mwenye nyumba, wewe upumzike."

"Na kazi ya shule?"

"Kazi gani ya shule?"

"Kijitabu cha hadithi za wanafunzi. Kurasa ishirini na nne, nakala mia tatu. Wanafunga shule Jumamosi ijayo. Kaka yako aliipokea kazi hiyo kwa mdomo wake."

"Kaka yangu hayupo."

"Mimi nipo."

Shemeji akacheka, na si kwa ubaya, alicheka kama mtu anavyomcheka mgonjwa anayetaka kuinuka kitandani. "Kompyuta si sindano, shemeji. Sindano ukikosea unafumua, unaanza tena. Ile ukibonyeza vibaya, imekwenda."

"We naye," msusi, wifi yake Bi Uzi, akadakia. "Nani amekupa cheo cha kompyuta? Ujumbe wa simu tu unamtuma mkeo akuandikie."

"Dada, haya si ya kibandani."

"Ya kibandani ndiyo yanayokulisha ukija umenuna. Mwache mwenzio ajaribu."

Wakavutana hadi chai ikapoa. Mwishowe Bi Uzi akasema neno lake, na akalisema akimtazama shemeji machoni, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. "Jumamosi saa sita mchana uje na huyo mnunuzi wako. Ukikuta vitabu mia tatu havijatoka, beba kila kitu, hata kiti. Ukikuta vimetoka, mashine hazitoki mlangoni, na usinifufulie tena maneno haya."

"Sawa," shemeji akasema. "Lakini usije ukasema hukuambiwa."

Jumatatu asubuhi Bi Uzi alifungua duka, akavuka zile hatua nne, akaketi kwenye kiti cha marehemu. Kilikuwa kirefu kwake, miguu ikaning'inia. Akaweka boksi la karatasi chini ya nyayo zake, akawasha.

Kando ya skrini kulikuwa na kitabu cha mwongozo, kinene kama tofali, kilichofundisha programu ya kupanga kurasa. Kilikuwa kwa lugha ya kigeni. Bi Uzi alikuwa na elimu yake ya sekondari na kamusi, akaona vitatosha. Kitabu chenyewe alikijua vizuri kwa nje, maana mara mbili kilipofumuka ni yeye aliyekitia gundi. Kwa ndani hakuwahi kukisoma hata mstari.

Ndani akamkuta mumewe. Pembezoni mwa kurasa Fundi alikuwa ameandika kwa penseli, kwa mwandiko wake wa kujibana: "Hapa uongo." "Toleo letu halina kitufe hiki, kipo chini." "Usiguse!!" Mahali pengine ameandika tu, "Nimechoka." Bi Uzi akasoma hilo neno mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mumewe hakuwahi kumwambia kwamba amewahi kuchoka na mashine ile. Siku zote alikuwa akiketi mbele yake kama daktari.

Akapiga moyo konde, akaanza sura ya kwanza.

Siku ya kwanza hakufanya la maana. Kitabu kilisema bonyeza juu kushoto, na juu kushoto hapakuwa na kitu. Kilisema litatokea dirisha lenye mistari mitano, likatokea lenye tisa. Akajifunza kwamba kitabu kilikuwa cha toleo la zamani na programu ilikuwa ya toleo jipya, kwa hiyo kila hatua ilibidi aisome, aitafute ilikohamia, kisha aiandike upya kwenye daftari lake. Alipotea, akarudi, akapotea tena. Mara moja alifuta ukurasa mzima wa hadithi ya mtoto kuhusu mbuzi aliyekula kofia ya mwalimu. Akafungua kitabu haraka, akakuta katika sura ya pili kwamba upo ufunguo wa kutendua. Akaubonyeza. Mbuzi akarudi, na kofia yake.

"Kumbe inafumuka," Bi Uzi aliiambia skrini. "Tena bila kukata uzi."

Wifi yake alikuja mchana na chakula kwenye bakuli, akasimama mlangoni na kitana kimechomekwa nywele.

"Imekuuma?"

"Bado."

"Ikikuuma niite, nina mkasi."

Jumanne akalifungua faili lenyewe la shule. Kijitabu cha kurasa ishirini na nne hutoka kwenye karatasi sita. Kila karatasi hubeba kurasa nne, mbili mbele na mbili nyuma, kisha zote hukunjwa kati na kushonwa pamoja. Mpangilio wake Bi Uzi aliujua kwa vidole vyake. Ukurasa wa kwanza huketi pamoja na wa ishirini na nne, wa pili na wa ishirini na tatu, na popote utakapozikuta kurasa mbili ubavu kwa ubavu, ukizijumlisha lazima upate ishirini na tano. Kwenye kompyuta Fundi alikuwa amekamilisha karatasi tatu za mwanzo. Tatu za mwisho ndizo zilizopotea waya ulipochomolewa.

Zile tatu za Fundi zilikuwa na jambo moja la ajabu. Upande wa mbele ulikaa sawa. Upande wa nyuma ulikuwa umegeuzwa, herufi zote kichwa chini miguu juu, kwenye skrini. Bi Uzi aliinamisha shingo akasoma kwa taabu. Hakuelewa kwa nini. Lakini aliyefanya hivyo ni Fundi, na Fundi alikuwa anajua anachofanya. Basi alipozipanga zake tatu, akazigeuza nyuma vilevile, akifuata mfano. Kazi hiyo ilimla Jumanne yote na nusu ya Jumatano, maana ukishazigeuza herufi, kila kosa unalotaka kusahihisha unalisahihisha shingo imepinda.

Jumatano mchana akafika mahali pa kuchapa, na kuchapa vijitabu kulikuwa katika sura ya saba. Kurasa za sura hiyo zilikuwa zimeshikana kwa juu. Kisu cha kiwanda hakikuzifikia wakati kitabu kinapunguzwa kingo, jambo linalotokea, na Bi Uzi amewahi kuliona katika vitabu vingi. Akachukua kisu chake, akazitenganisha moja baada ya moja kwa mazoea ya mkono, bila kuwaza, kama mtu anayemenya chungwa huku anaongea. Kitabu kilisema: unapochapa kijitabu pande zote mbili, iambie printa igeuze karatasi kwa ubavu mfupi. Akatafuta mahali hapo, akakuta pamewekwa ubavu mrefu. Akabadilisha kama alivyoambiwa, akachapa nakala moja ya majaribio, akakunja.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa sawa. Akafunua. Ukurasa wa pili ulisimama kwa kichwa. Wa tatu ulikuwa kichwa chini pia? Hapana, wa tatu ulikuwa sawa. Wa tano sawa. Kila upande wa nyuma ulikuwa umepinduka, karatasi zote sita, na yule mbuzi naye alikuwa miguu juu.

Nyuma ya kitabu kulikuwa na jedwali la matatizo na namna ya kuyatatua. Bi Uzi akalipitia kama mtu anayepepeta mchele. Kagua waya. Akakagua. Zima printa, hesabu hadi thelathini, washa. Akahesabu. Toa karatasi, zigeuze, zirudishe. Akageuza. Kila alichobadilisha alikiandika daftarini, kimoja kimoja, ili ajue kipi kimeleta nini. Alhamisi asubuhi daftari lilikuwa na mistari kumi na minne, na kando ya kila mstari neno moja: bado.

Jambo moja hakuligusa. Zile karatasi tatu za Fundi.

Saa tano hivi shemeji akaingia. Hakusubiri Jumamosi. Alikuja na mnunuzi wake, mwanamume mwenye suruali iliyonyooshwa vizuri, aliyeizunguka printa, akaipigapiga mgongoni kama anayenunua ng'ombe.

"Tulisema Jumamosi," Bi Uzi akasema.

"Tunaangalia tu, shemeji. Kuangalia hakuna ubaya." Akaokota nakala ya majaribio mezani, akafunua, akamwonyesha mwenzake. Wote wawili wakapinda shingo. "Hiki cha watoto wa popo?"

Yule mnunuzi akacheka, kisha akaona uso wa Bi Uzi akaacha.

"Kaka alikuwa haangalii hata kitabu," shemeji akaendelea, sasa kwa sauti ya huruma, ambayo ilikuwa mbaya kuliko kicheko. "Vyote vilikuwa kichwani. Hicho kitabu kilikuwa pambo. Usijitese, shemeji. Kitu alichokijua yule, hakijui mwingine."

Bi Uzi alitaka kujibu, kisha neno moja likamkamata. Hakuangalia kitabu.

Aliwapa kisogo. Akafungua mwongozo, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa juu, polepole, kama anavyokagua kazi kabla ya kumkabidhi mteja. Sura ya kwanza hadi ya sita, kingo laini, zimechakaa, zimejaa penseli. Sura ya saba, kingo zenye nyuzinyuzi nyeupe za kisu chake mwenyewe, cha jana. Hapakuwa na alama hata moja ya penseli. Na isingeweza kuwapo, kwa sababu kabla ya jana hakuna jicho lililoingia humo.

Fundi hakuisoma sura ya saba.

Jambo likakunjuka mikononi mwake kama karatasi iliyokunjwa. Mumewe hakujua kwamba printa inaweza kuambiwa igeuze kwa ubavu mfupi. Mara ya kwanza alipochapa kijitabu, kurasa za nyuma zilipinduka, na badala ya kuuliza, au kukata kurasa sita zilizoshikana, alikwenda kuzigeuza moja moja kwenye skrini ili zikipinduka zikae sawa. Akafanya hivyo kwa kila kijitabu, kwa miaka kumi na moja, shingo imepinda. Ndiyo maana makosa ya herufi katika vijitabu vyake yalikuwa siku zote upande wa nyuma, na wateja wakilalamika alilaumu macho. Printa ilikuwa haijakosea. Bi Uzi naye hakukosea. Alikuwa ametibu ugonjwa huku dawa ya zamani bado iko mwilini.

Alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu ile Jumanne, na kilitoka vibaya, nusu kikiwa kitu kingine, hata shemeji akarudi nyuma hatua moja.

"Shemeji, uko sawa?"

"Niko sawa. Kaka yako ndiye hakuwa sawa." Akafuta macho kwa mgongo wa kiganja. "Miaka yote ananiambia niachie mimi, niachie mimi. Na kisu kilikuwa kwangu, hatua nne tu. Angeniomba nimkatie kurasa."

"Usimseme marehemu."

"Namsema. Ni mume wangu, nitamsema. Nyinyi mnamfanya malaika ili mpate kubeba mashine zake. Mimi nilimwona akitafuta miwani iliyo usoni mwake." Akageukia kompyuta. "Sasa nipisheni mwanga."

Hawakuondoka. Shemeji alitaka kuona aibu ikitimia. Bi Uzi akazirudisha sawa kurasa za nyuma za karatasi zake tatu. Kisha akazifikia za Fundi. Kipanya kikasita. Angeweza kuacha kila kitu kama Fundi alivyokiacha, akarudisha ubavu mrefu, na kazi ingetoka. Aliliona hilo wazi kabisa. Ingetoka vizuri, na hakuna mtu angejua, na yeye angeendelea kupinda shingo mpaka azeeke, kwa heshima.

Akazigeuza. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Herufi zikasimama kwa miguu yake, na mara tu zilipowima akaona makosa manne ambayo mumewe hakuyaona, akayasahihisha. Akachapa nakala moja. Akaikunja kwa mfupa, akaifunua mbele yao ukurasa kwa ukurasa. Mbuzi alikuwa amesimama.

"Bado mia mbili tisini na tisa," shemeji akasema.

"Basi unanichelewesha."

Yule mnunuzi alikuwa ameshatoka nje.

Printa ilifanya kazi Alhamisi hiyo hadi jua likaegemea upande wa pili. Iling'ang'ania karatasi mara mbili, na mara zote mbili Bi Uzi alifungua mlango wake wa nyuma kama jedwali lilivyoelekeza, akavuta taratibu, akafunga. Ijumaa wifi yake alifunga kibanda. Wateja wawili walioachwa na nywele nusu walimfuata dukani wakilalamika, akawapa karatasi wakunje.

"Mkunjo uwe mmoja," Bi Uzi aliwaambia. "Ukikunja mara mbili karatasi inakumbuka."

"Kama mume wangu," mmoja akasema, na wifi akacheka hadi akajichoma sindano.

Vidole vya msusi vilikuwa vyepesi. Kufikia alasiri alikuwa anashona vitabu viwili Bi Uzi akishona vitatu, na alikuwa anajisifu kama anayeshona vinne.

Mwalimu mkuu alikuja Jumamosi saa tatu asubuhi na gari la shule. Alifungua boksi moja, akatoa kijitabu cha katikati, si cha juu, maana alikuwa mtu wa kujua watu. Akasoma akiwa amesimama.

"Nilisikia mnafunga," alisema.

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa watu."

"Waambie watu hatufungi."

Mwalimu mkuu akamtazama juu ya miwani, akatikisa kichwa kukubali. "Muhula ujao tuna kitabu cha nyimbo. Kina picha."

"Picha ziko sura ya kumi," Bi Uzi akasema. "Sijafika. Nitafika."

Saa sita kasoro shemeji akaja, peke yake, akasimama katikati ya chumba, pale maboksi yalipokuwa kabla ya gari la shule kuyabeba. Akaomba aone nakala. Ilibaki moja ya ziada. Akaipekua yote, mbele na nyuma, kidole kikifuata mistari, hadi ukurasa wa kumi na tano akatulia.

"Hapa pana kosa. 'Shagwe.' Ni 'shangwe'."

"La mtoto hilo. Mwalimu amesema liachwe kama alivyoandika."

Shemeji alifunga kijitabu. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alionekana kama mtu aliyefiwa na kaka yake. "Nani alikusaidia, shemeji?"

"Kitabu."

"Na kaka?"

"Na yeye. Hadi sura ya sita."

Alitoka, na hakubeba hata kiti.

Duka sasa hufunguliwa saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi. Saa saba hadi saa nane mlango hufungwa, kwa sababu mwenye duka yuko peke yake na lazima ale.